Jengo Nalo Huchunguzwa Kabla ya Kutibiwa

Mgonjwa afikapo kituo cha afya, kabla hajaonana na muuguzi wala daktari, hupokewa na jengo. Hupanda ngazi, huelekezwa kwenye korido, huketi kwenye benchi, na hapo husubiri. Pengine husubiri saa tatu au nne, bega kwa bega na watu asiowajua, akivuta hewa ileile waliyoitoa wao. Katika foleni hiyo yumo mwenye homa, yumo mjamzito aliyekuja kliniki, yumo mama aliyempakata mtoto wa miezi sita. Na mwishoni mwa benchi huenda yumo mtu anayekohoa kwa wiki ya tatu sasa, ambaye makohozi yake bado hayajapimwa. Dawa za kifua kikuu zipo, vipimo vipo, na wataalamu wapo. Lakini katika saa zile za kusubiri, kinachoamua kama ugonjwa wa yule wa mwisho utawafikia wale wengine ni, kwa sehemu kubwa, dirisha.

Tuchukue kwamba korido hiyo haikuwa korido tangu mwanzo. Ilikuwa baraza pana, yenye nguzo na paa, iliyo wazi upande mzima. Miaka ikapita, wagonjwa wakaongezeka, na masjala ikakosa mahali pa kuweka mafaili. Fundi akaitwa, akajenga ukuta wa matofali baina ya nguzo, akatia vioo visivyofunguka. Nia ilikuwa njema, na chumba kilichohitajika kikapatikana. Kilichopotea hakikuandikwa katika hesabu yoyote, nacho ni upepo. Wasomaji wengi wa jarida hili, wahudumu kwa wagonjwa, wamewahi kuketi mahali pa namna hiyo.

Makala haya yanaeleza jinsi wasanifu majengo wanavyopaswa kufikiri pale wanapoombwa kuligusa jengo ambalo tayari lipo na tayari linatumika. Tutaona kwamba kazi yao ina undugu wa karibu na utabibu: huanza kwa kusikiliza, hufuatwa na uchunguzi na vipimo, na tiba iliyo bora mara nyingi ni ile ndogo inayotosha.

Kusoma kabla ya kuchora

Anayejenga juu ya kiwanja kitupu huanza na mahitaji yake mwenyewe. Anayeingilia jengo lililopo hukuta maamuzi ya watu waliomtangulia. Kila ukuta uliwekwa kwa sababu. Kila dirisha lilielekezwa mahali. Dari liliinuliwa juu au likashushwa chini kwa kusudi fulani. Baadhi ya sababu hizo zimekufa, nyingine bado zinafanya kazi kimyakimya bila mtu yeyote kuzikumbuka. Kwa hiyo swali la kwanza la msanifu makini ni hili: jengo hili linawafanyia nini watu wake sasa, na ni lipi kati ya hayo ambalo sitaki kulipoteza? Swali la nini kiongezwe hufuata baadaye.

Wataalamu wa uhifadhi wa majengo waliliweka jambo hili katika maandishi zamani kidogo. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, na baadaye Mkataba wa Burra uliopitishwa nchini Australia mwaka 1979, yalijenga msimamo ambao hata leo hufundishwa vyuoni: badili kadiri inavyolazimu, lakini usizidishe, kilicho kipya kitambulikane kuwa ni kipya, na pale inapowezekana, badiliko liwe la namna ambayo vizazi vijavyo vinaweza kuliondoa bila kuliharibu jengo. Misimamo hii iliandikwa kwa ajili ya majengo ya kihistoria. Hata hivyo, kwa zahanati ya kawaida iliyojengwa miaka hamsini iliyopita, ina manufaa ya aina nyingine, kwa kuwa humwepusha fundi na kosa la kuondoa kitu ambacho umuhimu wake haujui.

Msanifu wa namna hii huanza kwa kuchukua historia. Jengo lilijengwa lini, na kwa vifaa gani? Nini kimeongezwa baadaye, na kwa nini? Huwauliza wale wanaolijua kwa mikono yao. Mfanya usafi anajua maji ya mvua yanatuama wapi. Mlinzi anajua ni madirisha yapi hufungwa jioni na kutofunguliwa tena asubuhi. Muuguzi wa zamu ya usiku anajua ni kitanda kipi ambacho wagonjwa hukikataa kwa sababu ya baridi. Baada ya hapo hulitembelea jengo saa mbalimbali, akitazama jua linaingia wapi, upepo unatoka upande gani, na watu wanakusanyika wapi. Ndipo hupima, na ndipo huchora.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na walisema kweli. Lakini msanifu huongeza swali moja: ufa huu umeletwa na nini? Ukiwa umeletwa na msingi unaodidimia, au na maji yanayovuja chini ya ukuta, basi saruji inayopakwa juu yake ni sawa na dawa ya kutuliza maumivu apewayo mgonjwa wa kidole tumbo. Maumivu yatatulia kwa muda, na ugonjwa utaendelea.

Somo la kuta za chokaa

Pwani yetu ina mfano mzuri wa jambo hili. Mbele ya bahari, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, lipo jengo lenye roshani za mbao zilizochongwa kwa ustadi, lijulikanalo kama Dispensari ya Kale. Ujenzi wake ulianza mwaka 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan, aliyekusudia liwe hospitali ya hisani, na baadaye lilitumika kama zahanati. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 liliachwa likachakaa. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati, likapewa kazi mpya ya kuwa kituo cha utamaduni. Jengo lilipata maisha mapya bila kupoteza sura yake.

Kuta za majengo mengi ya kale ya pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa na chokaa. Vifaa hivi hupokea unyevu na kuutoa: mvua ikinyesha ukuta hulowa kiasi, jua likiwaka unyevu hupita kwenye lipu ya chokaa na kwenda zake. Fundi aliyezoea saruji akiukuta ukuta wa namna hii umebanduka, hupenda kuupaka saruji ngumu, kwani saruji huonekana imara zaidi. Kumbe saruji huuzuia unyevu kutoka. Maji hubaki ndani ya ukuta, chumvi hujikusanya, lipu hupasuka, na upande wa ndani huota ukungu.

Hapo ndipo suala la ujenzi linapogeuka kuwa suala la afya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani unaeleza kwamba wanaoishi katika majengo yenye hali hiyo wana hatari kubwa zaidi ya kupata dalili za mfumo wa hewa na kuzidiwa na pumu. Basi mtoto wa pumu anayerudi hospitali kila mwezi huenda anarudishwa na ukuta uliotibiwa kwa dawa isiyo yake.

Dirisha lililopimwa

Unyevu angalau huonekana ukutani. Hewa haionekani, na kwa sababu hiyo huondolewa katika majengo bila mtu kulalamika. Ili kujua kilichopotea hapana budi kupima, na vipimo vinavyofahamika zaidi vilichukuliwa mbali na kwetu, katika jiji la Lima, nchini Peru, ambako kifua kikuu ni tatizo kubwa kama lilivyo katika nchi zetu.

Mwaka 2007 Escombe na wenzake walichapisha katika jarida la PLoS Medicine utafiti uliofanywa katika hospitali 8 za Lima. Walipima vyumba 70 vinavyopata hewa kupitia madirisha na milango, na kuvilinganisha na vyumba 12 vya kutenga wagonjwa vinavyopata hewa kwa mitambo. Njia yao ilikuwa rahisi kueleweka: walijaza chumba kwa hewa ukaa, wakafungua madirisha, kisha wakapima kasi ya hewa hiyo kutoweka. Matokeo hutolewa kwa idadi ya mabadiliko ya hewa kwa saa. Badiliko moja maana yake ni kwamba katika saa moja imeingia hewa mpya yenye ujazo sawa na wa chumba kizima.

Madirisha na milango ilipofunguliwa, kipimo cha kati kilikuwa mabadiliko 28 kwa saa, zaidi ya maradufu ya 12 yanayopendekezwa kwa vyumba vya mitambo, na mara 18 ya kipimo cha vyumba hivyohivyo vilipofungwa. La kushangaza zaidi lilikuwa tofauti ya umri. Majengo ya zamani, yaliyojengwa kabla ya mwaka 1950, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalipata mabadiliko 40 kwa saa. Yale ya kisasa yalipata 17. Watafiti wakakadiria kwa hesabu nini kingetokea iwapo watu wasio na kinga wangekaa saa 24 pamoja na wagonjwa wa kifua kikuu ambao hawajaanza dawa. Katika vyumba vya mitambo, 39% wangeambukizwa. Katika majengo ya kisasa yenye madirisha wazi, 33%. Katika majengo ya zamani, 11%. Hayo ni makadirio ya hesabu, si idadi ya watu waliougua, lakini yanatosha kumfanya mtu asimame na kutafakari kabla ya kushusha dari au kuziba dirisha la juu.

Swali lililofuata lilikuwa la msanifu: je, majengo yaliyokwisha kuharibika yanaweza kurekebishwa? Jibu lilichapishwa mwaka 2019, kutoka Hospitali ya Taifa ya Dos de Mayo, hukohuko Lima. Vyumba sita vilirekebishwa: vinne vya kusubiria na viwili vya kuonea wagonjwa. Katika vyumba viwili yaliongezwa madirisha ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Katika viwili vingine viliondolewa vioo kwenye madirisha yasiyofunguka. Chumba kimoja kilifunguliwa tundu kwenye paa. Kimoja cha kusubiria kilijengwa upya nje, mahali pa wazi.

Chumba kimoja cha daktari kilichokuwa na mabadiliko 3.6 kwa saa kilifikia 17. Kingine kilitoka 2.7 hadi 12. Miongoni mwa vyumba vya kusubiria, kimoja kilipanda kutoka 9 hadi 66. Hatari ya kuambukizwa, kwa makadirio ya kati, ilipungua kwa 72%. Na gharama? Vyumba vinne kati ya sita viligharimu chini ya dola 75 za Marekani kila kimoja. Viwili vilivyobaki viligharimu dola 1,000 na dola 7,000. Sehemu kubwa ya tiba ilikuwa kuondoa kizuizi kilichowekwa zamani.

Upepo hutaka mlango wa kutokea

Kwa nini madirisha mawili yanayotazamana yazidi madirisha mawili yaliyo upande mmoja? Kwa sababu hewa haiingii mahali ambapo haiwezi kutoka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu upitishaji hewa wa asili katika huduma za afya una kanuni ya kukadiria ambayo mhudumu yeyote anaweza kuitumia kwa kalamu na karatasi.

Tuchukue chumba chenye urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na kimo cha mita 3, yaani mita za ujazo 90. Upepo ni hafifu, nusu mita kwa sekunde. Chumba kikiwa na matundu mawili yanayotazamana, kila moja la mita 1 ya mraba, kanuni hiyo hutoa takriban mabadiliko 13 ya hewa kwa saa. Tundu likiwa upande mmoja tu, kwa upepo uleule na ukubwa uleule, hupatikana badiliko 1. Tofauti hii ya mara 13 haikuletwa na mashine wala umeme, bali na mahali tundu lilipowekwa.

Hesabu hiyo ina fundisho la pili. Mabadiliko 13 katika chumba hicho ni sawa na lita 325 za hewa kwa sekunde. Mwongozo huohuo unapendekeza lita 60 kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida na sehemu za wagonjwa wa nje. Basi hata chumba hicho kilichorekebishwa vizuri kinawatosha watu watano tu. Foleni ya watu thelathini haitatoshelezwa na dirisha. Ndiyo maana msanifu mwenye busara, kabla ya kutoboa ukuta, huuliza kama wagonjwa wanalazimika kusubiri ndani. Kivuli cha mwembe, paa la bati juu ya nguzo, au baraza iliyorudishwa wazi kama ilivyokuwa, huenda ikawa tiba bora na nafuu kuliko zote.

Kila tiba ina madhara yake

Ndugu msomaji asifikiri kwamba jawabu ni kufungua kila kitu. Dirisha lililo wazi hukaribisha mbu, na wavu wa kuwazuia hupunguza upepo, hivyo tundu lenye wavu halina budi kuwa kubwa zaidi. Katika nyanda za juu zenye baridi, kama Njombe au Mbeya, wagonjwa hufunga madirisha usiku, na hawana makosa. Huko hufaa matundu ya juu chini ya paa, yasiyofungika, yanayotoa hewa yenye joto bila kumpiga mgonjwa kifuani. Faragha nayo ni haki ya mgonjwa, na dirisha lililo juu ya kimo cha mtu huweza kuilinda bila kuizuia hewa.

Mwelekeo wa hewa una uzito sawa na wingi wake. Hewa impitie mhudumu kwanza, kisha mgonjwa, kisha itoke nje. Ikitoka kwa mgonjwa wa kifua kikuu na kuingia korido, tatizo limehamishwa tu. Mara nyingi marekebisho haya hayahitaji ujenzi: meza na kiti cha mgonjwa vikibadilishana mahali, kazi imekwisha. Vyumba vya upasuaji na maabara za kuotesha vimelea, kwa upande mwingine, vina masharti yake, na visiguswe bila mhandisi.

Ujenzi wenyewe nao una hatari. Vumbi la kubomoa huweza kubeba mbegu za ukungu aina ya Aspergillus, ambazo huwaua wagonjwa wenye kinga dhaifu. Eneo la kazi lizibwe vizuri na wagonjwa hao wahamishwe. Mabati ya zamani ya asbesto yasikatwe wala yasitobolewe na mtu asiye na ujuzi na vifaa vya kujikinga. Wala si kila ukuta unaruhusu kutobolewa, kwani mwingine ndio umebeba paa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar iliporomoka wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la kale halisamehe haraka.

Yaliyo mikononi mwetu

Mhudumu wa afya hahitaji kusubiri bajeti ili aanze uchunguzi. Atembee kituoni mwake asubuhi yenye foleni ndefu na ahesabu madirisha: mangapi yanafunguka, mangapi yamebanwa na kabati, mangapi yamepigiliwa misumari. Awashe kijiti cha udi katikati ya chumba cha kusubiria, atazame moshi unakwenda wapi, na kama unasimama, ajue kwamba pumzi za watu nazo zinasimama hapo. Aulize wenyeji wa kituo nini kilikuwepo kabla ya kila ukuta mpya. Anapoletewa mchoro wa ukarabati, amuulize msanifu maswali mawili: hewa itaingilia wapi na kutokea wapi, na wagonjwa watasubiri wapi kazi itakapokuwa ikiendelea. Kisha, kama afanyavyo kwa mgonjwa wake, apange siku ya kurudi kuangalia, kwa maana dirisha linalofunguka si lazima liwe dirisha linalofunguliwa.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Ukiwa unakohoa kwa wiki mbili au zaidi, mwambie muuguzi mara ufikapo, usingoje zamu yako. Kufanya hivyo si aibu, ni kuwalinda wenzako. Ukiruhusiwa kusubiri nje kivulini, subiri huko. Na ukikuta dirisha limefungwa, una haki ya kuomba lifunguliwe.

Tumrudie yule mama kwenye benchi. Mtoto wake wa miezi sita hajui tofauti ya baraza na korido. Aliyeamua kujenga ule ukuta hakumjua, na hakudhani anaamua jambo la tiba. Lakini aliamua. Kila atakayeugusa ukuta huo tena, awe msanifu, fundi au mganga mfawidhi mwenye fedha kidogo za matengenezo, naye atakuwa akiamua juu ya mapafu ya mtoto huyo. Heri aamue baada ya kuchunguza.